Kioo cha Pili: Taarikh ya Kutazama Damu, kutoka Kasongo hadi Kiwanja

Barabara itokayo Goma kwenda kaskazini hupita kwanza juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya moto ya Nyiragongo na Nyamulagira, ikapanda miinuko ya Rugari, kisha ikateremka polepole hadi Rutshuru, na baada ya mwendo mfupi ikaingia Kiwanja, mji wa soko na wa njia panda, ambapo msafiri huchagua ama kushika upande wa Ishasha na mpaka wa Uganda, ama kuendelea na safari ya Kanyabayonga na Butembo. Safari yenyewe ni ya kilomita 70 na kitu, wala si ndefu. Walakini katika mwendo huo mtu huondoka Goma, mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari, akaja akaingia katika bonde lenye joto ambalo halikomi kuteremka hata likafika Ziwa Edward, mita 912. Wakulima huujua mteremko huo kwa mihogo na maharage yao. Kwa mwenye kufuatilia taarikh ya maradhi, mteremko huo ni mpaka wa nchi mbili zisizoandikwa katika ramani yoyote ya serikali, nchi ya mbu wachache na nchi ya mbu wengi, na mambo mengi nitakayoyaeleza hapa yameshikamana na mpaka huo.

Miongoni mwa maradhi ya damu yapo yaitwayo lukemia. Asili yake ni chembe nyeupe zizaliwazo katika uboho wa mifupa bila kipimo wala ukomo, zisikomae, zisitende kazi yake, bali zikazisonga chembe nyingine hata mgonjwa akapungukiwa na damu nyekundu, akatokwa na damu puani na ufizini, akashikwa na homa zisizosikia dawa. Matabibu huzigawa katika nasaba mbili kuu: limfoidi, ambayo ni aila ya chembe zikaazo katika mitoki na wengu na zitengenezazo kinga, na mieloidi, ambayo ni aila ya chembe zilazo vijidudu pamoja na zile zizalazo damu nyekundu. Kugawa huku si mapambo ya elimu, kwani dawa za nasaba moja hazifai sana kwa nyingine, na mtoto aliyetajwa kuwa na lukemia ya limfoidi ana matumaini mengi zaidi, penye dawa, kuliko aliyetajwa kuwa na ile ya mieloidi. Lakini hutokea, kwa nadra, kwamba mtoto aliyeingia hospitali kwa lukemia ya limfoidi, akatibiwa, damu yake ikatakasika, akarudi kucheza na wenziwe, hurudiwa na maradhi baada ya miezi au miaka, na chembe zikitazamwa upya zikaonekana kuwa ni za nasaba ya pili, kana kwamba ugonjwa umebadili ukoo wake katikati ya tiba.

Je, ugonjwa uliorudi ndio ule ule ulioondoka? Aghalabu swali hili husimuliwa kama mali ya hospitali kubwa za Marekani. Mimi nadhani lina taarikh ya Afrika Mashariki ndani yake, na taarikh hiyo haiwezi kuelezwa pasi na kueleza kwanza kazi moja ya kinyenyekevu, isiyoimbwa na mtu: kazi ya kutandaza tone la damu juu ya kioo, kulitia rangi, na kuliinamia kwa darubini.

Katika Kongo ya mashariki kazi hiyo ilianza kwa msiba. Mwaka 1903 tabibu Mwingereza Joseph Everett Dutton, wa chuo cha maradhi ya nchi za joto cha Liverpool, ambaye miaka miwili tu kabla yake alikuwa ametambua huko Gambia kijidudu cha malale katika damu ya binadamu, aliingia Kongo pamoja na mwenziwe John Lancelot Todd kuchunguza maradhi yale yale. Walipanda mto, na huko Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, wakabainisha kwamba homa ya vipindi, ile ijayo na kuondoka na kuja tena, huletwa na papasi; na katika kuishughulikia wote wawili wakaambukizwa. Todd alipona. Dutton alifariki dunia Kasongo mwezi Februari mwaka 1905, katika mji ule ule ambao miaka 12 nyuma yake Sefu, mwana wa Tippu Tip, alinyang'anywa na majeshi ya Wabelgiji, na ambao hadi leo wenyeji wake husema Kiswahili. Wakati huo huo Robert Koch naye alikuwa katika milima ya Usambara akimchunguza papasi huyo huyo. Naitaja homa ya vipindi kwa makusudi, kwani ndiyo iliyowazoeza watazamaji wa damu katika nchi zetu desturi ya kutazama mara ya pili: kijidudu chake kikipigwa na kinga ya mwili hubadili vazi lake la nje, kikarudi kikiwa hakitambulikani na askari waliokifukuza, na mtazamaji aliyeona kioo safi wiki hii hana ruhusa ya kuapa kwamba wiki ijayo nacho kitakuwa safi.

Rangi iliyotumiwa na inayotumiwa hata sasa katika kazi hii ina nasaba yake ya Kiswahili, ingawa ni watu wachache wanaoikumbuka. Gustav Giemsa, Mjerumani, alikuwa mfamasia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya mwaka 1895 na 1898, kabla ya kurejea kwao na kuongoza idara ya kemia katika taasisi ya maradhi ya nchi za joto ya Hamburg. Na mwaka 1904 akatangaza mchanganyiko wake wa rangi za buluu na eosini, ambao huufanya moyo wa chembe uonekane zambarau na mwili wake buluu, na vimelea vya malaria vijitokeze ndani ya damu nyekundu. Mtu akiingia maabara yoyote kati ya Lamu na Kindu ataikuta chupa ya Giemsa rafuni. Rangi ile ile ioneshayo malaria huonesha pia chembe changa za lukemia, kubwa, zenye moyo mpana uliojaa karibu mwili mzima, kwa yeyote ayajuaye anayoyatazama.

Ulaya, kwa upande wake, ilikuwa imeitambua lukemia tangu mwaka 1845, pale Rudolf Virchow wa Berlin na John Hughes Bennett wa Edinburgh walipoeleza, kila mmoja mbali na mwenziwe, damu za maiti zilizojaa chembe nyeupe. Ernst Neumann akaonesha mwaka 1868 kwamba damu huzaliwa ubohoni. Paul Ehrlich akafundisha kuzitia chembe rangi. Na mwaka 1900 Otto Naegeli akaitenga chembe changa ya mieloidi na ile ya limfoidi. Tangu hapo nasaba zikachukuliwa kuwa hukumu isiyotenguliwa, kama vile qadhi aliyekwisha kuandika warithi wa tereka na kufunga daftari lake.

Huku kwetu daftari lilikuwa la maradhi mengine. Malale yaliua Uganda, katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, watu waliokadiriwa kuzidi 200,000, na upande wa Kongo serikali ya Kibelgiji, kwa hofu ya kupotelewa na wafanyakazi na walipa kodi, ikatuma misafara ya matabibu na wauguzi kupita vijijini, kuwapanga watu mistari, kuwashika shingo kutafuta mitoki iliyovimba, kuichoma kwa sindano, na kutazama maji yake papo hapo. Watu hawakuipenda misafara hiyo, na walikuwa na haki, kwani iliambatana na amri na vibali vya kusafiri. Lakini ndani yake kulizaliwa aina ya Mkongomani ambaye hakuwako kabla yake, mtazamaji wa darubini, aliyejifunza kwa macho yake kutambua katika tone moja kilicho cha kawaida na kisicho cha kawaida. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikuwa na tabibu hata mmoja wa Kikongomani mwenye shahada kamili ya udaktari. Ilikuwa na wasaidizi wa utabibu, wauguzi, na hao watazamaji wa darubini, walaborantini, na katika miaka ya machafuko iliyofuata, Wazungu walipoondoka, wao ndio waliobaki na darubini.

Lukemia ya watoto ilikuwa karibu haionekani katika madaftari ya zama hizo, na jambo hilo liliwashangaza hata wataalamu wa Kampala, waliokuwa na maabara bora kuliko zote za ukanda huu. Tabibu J. N. P. Davies alianzisha huko mwaka 1954 daftari la saratani, akayapekua hata maandishi ya hospitali ya Mengo yaliyoanzwa na Albert Cook mwaka 1897, ambamo mlikuwa na michoro ya watoto wenye taya zilizovimba. Limfoma ilijaa katika daftari la Davies, lukemia ilikuwa chache. Wako waliodhani kwamba damu ya Mwafrika ina hifadhi fulani. Mimi huegemea maelezo mepesi zaidi, ambayo matabibu wengi wa baadaye wameyashika: mtoto mwenye homa, mwenye upungufu wa damu, na mwenye wengu lililovimba, katika nchi ambayo malaria huleta yote matatu, hufa na kuzikwa kwa jina la malaria, ilhali uvimbe wa taya humlazimisha kila mtu autazame.

Uvimbe huo ndio uliomkabili Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, alipoitwa na tabibu mwenziwe Hugh Trowell kumwona mtoto aliyevimba pande zote nne za taya, na muda mfupi baadaye akamwona mwingine wa namna hiyo Jinja. Aliuandika mwaka 1958 akidhani ni sarkoma. Wachunguzi wa tishu wa Kampala, Gregory O'Conor na Davies, wakabainisha kuwa ni limfoma, na huu ukawa mfano wa kwanza wa jina kubadilika, ingawa hapa lililobadilika lilikuwa jicho la mtazamaji, chembe zenyewe zikiwa zile zile. Burkitt akatuma karatasi za maswali zenye picha kwa hospitali za Afrika nzima, na mwaka 1961 akaondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva huko West Nile, na Cliff Nelson, katika gari kuukuu, wakasafiri kwa wiki 10 na kufanya maili zipatazo 10,000 hadi Afrika ya Kusini na kurudi, wakiuliza kila hospitali: mmeuona uvimbe huu?

Jawabu lilichora ramani. Karibu na mstari wa ikweta uvimbe haukuonekana katika nchi zilizo juu zaidi ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi, haukuonekana pakavu, haukuonekana penye baridi, na Unguja na Pemba, penye joto na mvua tele, nako ulikuwa haba, jambo lililowatatiza hadi ilipofahamika kwamba visiwani malaria ilikuwa ikipigwa vita vikali. Ramani ya Burkitt ilikuwa ni ramani ya malaria. Msomaji na aurudie mteremko niliouanza nao: Goma imekaa karibu juu ya mstari wa Burkitt, Kiwanja iko chini yake. Mtoto wa Kiwanja amezaliwa katika nchi ya uvimbe ule, na binamu yake wa milima ya Rugari hayumo sana.

Kirusi kilichohusika kilipatikana baadaye: Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia London tarehe 22 Machi 1961, akaomba vipande vya uvimbe vipelekwe kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na Yvonne Barr na Bert Achong wakakitangaza kirusi kinachobeba majina ya wawili wa kwanza. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi na sina la kuongeza.

Linalonihusu zaidi ni lililotokea baada ya dawa. Katika miaka ya 1960 Burkitt huko Kampala na Peter Clifford huko Nairobi, katika hospitali ambayo leo ni Kenyatta, walijaribu dawa za sumu ya chembe, miongoni mwao methotreksati na siklofosfamidi, na wakashuhudia ajabu: uvimbe uliokuwa ukimziba mtoto jicho na kinywa uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto, wakiwa wamepewa dozi chache tu, hawakuugua tena maisha yao yote. Mulago ikafungua kituo cha kutibu limfoma mwaka 1967, na humo ndimo ilimokulia Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo John Ziegler aliiongoza mwanzoni na Charles Olweny akaishika katika miaka migumu ya Idi Amin. Lakini baadhi ya watoto walirudiwa. Wengine walirudiwa mapema, katika miezi michache, na hao dawa ziliwakataa. Wengine walirudiwa baada ya muda mrefu, na hao, kinyume cha matazamio, dawa zile zile ziliwafaa kana kwamba maradhi hayajapata kuziona. Ziegler na wenzake waliiona tofauti hii na kuiandika. Kwa nini ugonjwa mmoja urudi kwa tabia mbili?

Jawabu lilitoka Nairobi, na chombo chake kilikuwa kitu kilichomo katika damu za Waafrika wenyewe. Ndani ya kila chembe ya mwili mna kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho jeni yake imo katika kromosomu ya X. Mwanamke ana kromosomu X mbili, lakini katika kila chembe moja hufanya kazi na nyingine hulala. Barani Afrika imeenea aina A ya kimeng'enya hicho pamoja na aina B, ilhali Ulaya aina A ni nadra mno, na wataalamu huhusisha kuenea kwa baadhi ya aina hizi na malaria, ambayo kwa vizazi vingi iliwapunguza wasiokuwa nazo. Basi msichana wa Kenya aliyerithi A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine ana mwili wenye chembe za A na chembe za B zilizochanganyika. Lakini uvimbe wake, ikiwa umetokana na chembe moja tu iliyoasi, hauna budi kuwa wote A ama wote B. Philip Fialkow wa Seattle, George Klein wa Stockholm, na Clifford wa Nairobi walionesha mwaka 1970 kwamba ndivyo ulivyo. Kisha mwaka 1972 wakatangaza katika jarida la Lancet habari ya mgonjwa ambaye uvimbe wake uliporudi ulikuwa na alama tofauti na ule wa kwanza. Maradhi yalikuwa na jina lile lile, sura ile ile chini ya darubini, na kumbe yalikuwa ukoo mwingine kabisa, mgeni aliyevaa nguo za marehemu.

Haya si mabadiliko ya nasaba kama yale ya lukemia. Ni kinyume chake, nafsi mpya yenye sura ya zamani. Lakini swali ni lile lile, na namna ya kulijibu ni ile ile: kuhifadhi ushahidi wa kwanza, na kuuweka kando ya wa pili. Kama alama ya uvimbe wa kwanza isingeandikwa, mgonjwa yule angehesabiwa kuwa amerudiwa, basi, na hakuna ambaye angekuwa na hoja ya kusema vingine.

Fialkow huyo huyo alikwisha kuonesha mwaka 1967, kwa kimeng'enya kile kile na kwa damu za wanawake wenye lukemia sugu ya mieloidi, kwamba chembe nyeupe na chembe nyekundu za mgonjwa hubeba alama moja, kwa hiyo shina lililoasi ni bibi wa aila zote mbili. Katika miaka ya 1970 ikadhihirika kwamba lukemia hii sugu inapolipuka mwishoni, takriban theluthi moja ya milipuko huwa ya limfoidi, na wagonjwa hao hufaidika kwa muda na dawa za limfoidi, kama vinkristini, ambayo asili yake ni ua la Madagaska lipandwalo bustanini katika pwani yetu yote. Hapo ukuta wa Naegeli ulikwisha kupata ufa. Mwaka 1984 Sanford Stass na wenzake wa hospitali ya St. Jude, Memphis, wakarudi kwenye madaftari na vioo vya watoto 89 waliokuwa wamerudiwa na lukemia kali, wakakuta 6 kati yao wamehama nasaba, 5 kutoka limfoidi kwenda mieloidi na mmoja kwa njia ya kinyume. Yapasa kusisitiza: hawakugundua kwa chombo kipya cha ajabu, waligundua kwa kulinganisha cha kwanza na cha pili, jambo ambalo kabla yake halikuwa likifanywa kwa utaratibu.

Mintarafu ya sababu, matabibu hutaja mambo matatu, na kwa mgonjwa mmoja si rahisi kuyapambanua. La kwanza ni kosa la mwanzo: tangu siku ya kwanza zilikuwako chembe za namna mbili, lakini walio wengi waliwaficha walio wachache, na dawa ilipowaondoa wengi, wachache wakarithi nyumba. La pili ni ugonjwa mpya uliozaliwa na tiba yenyewe, kwani baadhi ya dawa, etoposidi ikiwa mojawapo, huweza kuvunja kromosomu na kuacha nyuma yake lukemia ya mieloidi ambayo haina udugu na ile ya kwanza. Hili ndilo jirani wa karibu wa kisa cha Nairobi. La tatu ndilo lililo la ajabu: chembe ni ile ile, ina kovu lile lile katika kromosomu zake, lakini imevua vazi la limfoidi ikavaa la mieloidi, kwa kuwa shina lake halikupata kusahau kabisa njia zote mbili. Hutokea zaidi kwa watoto wachanga ambao jeni iitwayo KMT2A, katika kromosomu ya 11, imevunjika na kuungwa pasipo pake.

Miaka ya karibuni jambo hili limetoka katika pembe za nadra na kuwa karaha ya wakubwa. Tiba mpya huzichukua chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe, zikafundishwa maabara kumtafuta adui kwa alama iitwayo CD19, ambayo huvaliwa na chembe za limfoidi za aina ya B. Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya namna hii mwezi Agosti 2017, kwa bei ya dola 475,000. Mwaka mmoja kabla yake kikundi cha Seattle kilikuwa kimeeleza wagonjwa 7 wenye KMT2A iliyovunjika, ambao wote damu yao ilitakasika kwa tiba hiyo, na 2 kati yao wakarudi upesi na lukemia ya mieloidi iliyotokana na ukoo ule ule. Chembe ilikuwa imevua alama iliyokuwa ikisakwa. Mtu akikumbuka kijidudu cha papasi kilichomuua Dutton Kasongo, ataona kwamba hila hii si ngeni katika damu.

Turudi Kiwanja, kwani jambo lisilofika Kiwanja kwa ukanda huu halijafika. Mji huu umekuwa njia ya majeshi. Mwezi Novemba 2008, wapiganaji wa CNDP na wa Mai-Mai walipoupigania, raia waliouawa kwa siku mbili walikadiriwa na Human Rights Watch kufika 150, wengi wao kwa mikono ya CNDP, na kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa ikiwa karibu; waasi wa M23 waliushika mwaka 2012, na wakaushika tena mwezi Oktoba 2022. Hospitali kuu ya Rutshuru, iliyo jirani, ilianza kusaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 2005, na kazi yake kubwa ni ile ambayo nchi kama hii huitaka: majeraha, uzazi, utapiamlo, malaria ya watoto. Mama aliye na mtoto mwenye lukemia, akibahatika kuambiwa, ana njia mbili za kufikiria, moja ya Ishasha au Bunagana kwenda Kampala, na nyingine ya Rwanda, hadi Butaro, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012 katika milima isiyo mbali sana na Rutshuru kwa arukaye kama ndege. Yeye haruki; hutegemea mipaka iliyo wazi leo na kufungwa kesho.

Na kuna jambo moja ambalo sikulisikia likijadiliwa vya kutosha. Tangu Shirika la Afya Duniani lihimize mwaka 2010 kwamba kila homa ipimwe malaria kabla ya kutolewa dawa, kipimo cha haraka, kile kijiti chenye mistari, kimeenea katika zahanati za Kongo kama kwingineko, na kimeokoa watoto wengi. Asiye na umeme wala darubini sasa anaweza kupima. Siwezi kukilaumu. Lakini laborantini wa zamani, aliyetafuta malaria kwa Giemsa, alilazimika kuziona chembe nyeupe kwa sababu zilikuwa njiani mwake, na ikiwa zilijaa uwanja mzima wa kioo, alijua kumwita mkubwa wake. Kijiti hakioni ila kile kilichoulizwa. Zaidi ya hayo, kipimo kitumiwacho zaidi huendelea kusema ndiyo kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha kufa, na kwa hiyo mtoto wa bonde la Rutshuru mwenye lukemia huweza kupata jibu la malaria ambalo ni la kweli, likamficha kwa ukweli wake. Fani iliyoanza kwa kutafuta vimelea, ikajikuta inaona lukemia kwa bahati, inaipoteza bahati hiyo kwa sababu imekuwa hodari zaidi wa kutafuta vimelea.

Vifaa vinavyohitajika kwa swali letu si vyote vya Seattle. Rangi ya peroksidasi, ambayo chembe za mieloidi huipokea na za limfoidi huikataa, ni ya bei nafuu na hufanyika kwa darubini ya kawaida. Haitoshi kumaliza shauri lote, lakini huweza kumstusha tabibu asiendelee na dawa za nasaba iliyokwisha kuachwa. Kioo kilichotiwa Giemsa vizuri, kikihifadhiwa mbali na jua na vumbi, husomeka baada ya miaka mingi, na hakuna sababu ya kukitupa mgonjwa anapopewa barua ya rufaa. Kioo hicho kikibaki Rutshuru, au kikioshwa kitumike tena kama desturi ya maabara zenye uhaba, tabibu wa Kampala ampokeaye mtoto huyo siku maradhi yarudipo, chembe zikiwa za mieloidi, hana pa kushika kuamua ni lipi kati ya yale mambo matatu lililotokea. Atatibu akionacho, ataandika katika daftari kwamba ni mgonjwa mpya wa lukemia ya mieloidi kutoka Kongo, na mwenye kulifungua daftari hilo baada ya miaka 30, kama Davies alivyolifungua la Cook, atahesabu watoto waliohama nasaba na kukuta sifuri.